AFYA YETU: Pilau ya Dengu kwa Mafuta Kidogo

Mwezi huu tunaingia jikoni. Aliyetusukuma ni mama mmoja mwenye kisukari, ambaye alirudi kliniki baada ya miezi mitano bila kuonekana. Alikuwa na kidonda mguuni, na sukari yake ilikuwa juu sana. Tulipomuuliza kwa nini aliacha kuja, alijibu: “Kila nikija mnaniambia usile hiki, usile kile. Siku ya Komunyo ya Kwanza ya mjukuu wangu nilikaa pembeni na ugali wangu kama mtu aliyetengwa. Nikaona bora nisije tena.”

Jibu lile lilituingia. Tulimkataza pilau, lakini hatukumfundisha namna ya kuipika vizuri. Leo tunalipa deni hilo.

Chakula hiki kimetoka wapi?

Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara Waarabu ilitoka pwani ikafika Unyanyembe, Tabora, na mingine ikaendelea hadi Ziwa Viktoria. Baadaye Waarabu walifungua maduka katika miji midogo ya Usukuma. Mapishi ya pwani, yenye mchanganyiko wa Kiarabu, Kihindi na Kiajemi, yakaingia katika sherehe zetu. Leo hapa Nyalikungu harusi bila pilau watu huiona haijakamilika.

Tatizo liko wapi?

Viungo havina kosa. Iliki, mdalasini, karafuu na bizari nyembamba huleta ladha na harufu bila kunenepesha. Tatizo ni mafuta, chumvi, na ukubwa wa sahani.

Kalori ni kipimo cha nguvu ambayo mwili hupata katika chakula. Gramu 1 ya wanga au ya protini hutoa kalori 4, lakini gramu 1 ya mafuta hutoa kalori 9. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120, yawe ya pamba, ya alizeti au samli. Mpishi akimimina kikombe kizima cha mililita 250 katika sufuria ya watu 8, amemwekea kila mmoja kalori kama 250 za mafuta matupu. Akitumia vijiko vikubwa 4, kila mmoja anapata 60 tu. Nguvu isiyotumika mwili huihifadhi kama mafuta, na unene huchangia kisukari na shinikizo la damu.

Pilau ya dengu (watu 8)

Mahitaji: mchele nusu kilo, dengu robo kilo, nyama isiyo na mafuta, au kuku aliyeondolewa ngozi, nusu kilo, vitunguu maji 3, kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, bizari nyembamba kijiko kikubwa 1, pilipili manga kijiko kidogo 1, iliki 6, karafuu 6 na kipande cha mdalasini, mafuta vijiko vikubwa 4, chumvi kijiko kidogo 1.

Dengu tunazo. Hulimwa mbugani, katika udongo mweusi unaotunza unyevu baada ya mvua. Zina protini, na nyuzinyuzi zake husaidia sukari isipande haraka. Kwa kuchanganya dengu tunapunguza mchele bila mtu kubaki na njaa.

Namna ya kupika:

1. Loweka dengu usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, zichemshe hadi zilainike.
2. Chemsha nyama mpaka iive. Acha supu ipoe, kisha engua mafuta yanayoelea juu.
3. Kaanga vitunguu kwa vijiko 4 vya mafuta, moto mdogo. Vikianza kushika, usiongeze mafuta. Ongeza supu kijiko kimoja kimoja mpaka vigeuke rangi ya kahawia.
4. Tia kitunguu saumu, tangawizi na viungo, koroga, kisha nyama na dengu.
5. Tia mchele, chumvi na supu. Supu ifunike mchele kwa pingili moja ya kidole. Isipotosha, ongeza maji.
6. Inapokaribia kukauka, funika, punguza moto chini na palia mkaa juu.

Kachumbari iwe nyingi: nyanya, matango, vitunguu na limau. Limau likikolea, chumvi haihitajiki.

Dengu zikibaki, ponda vikombe 2 pamoja na kitunguu saumu, limau na vijiko 2 vya ufuta uliokaangwa bila mafuta na kutwangwa. Lainisha kwa maji kidogo. Waarabu wa Shamu huiita humusi. Usizidishe ufuta, kwa kuwa nao una mafuta mengi. Ile kwa vipande vya karoti au tango.

Namna ya kupakua

Gawa sahani kwa macho. Nusu iwe kachumbari na mboga za majani, robo iwe pilau, robo iwe nyama au dengu. Kinywaji kiwe maji, soda iachwe.

Tahadhari

– Mafunzo haya ni ya watu wazima wenye uzito uliozidi, kisukari au presha. Mtoto mdogo anahitaji mafuta ili akue, hasa aliyekonda. Msimpunguzie.
– Anayetumia dawa za kisukari asiruke mlo, kwani sukari inaweza kushuka ghafla. Wala asiache dawa kwa sababu amebadili mapishi.
– Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja, ikihesabiwa chumvi ya vyakula vyote.
– Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kliniki, maana dengu huenda zisimfae.

Yule mama tulimwomba aje na mkwewe, kwa kuwa ndiye anayepika nyumbani. Tulipika pamoja, sufuria moja. Kidonda kilichukua miezi mitatu kufunga, na hakukosa kliniki hata mara moja. Katika sherehe iliyofuata familia nzima ilikula kutoka sufuria yake, naye aliketi katikati yao.

Tunawatakia mapishi mema. Tukutane mwezi ujao.