SOMO: "Kibumba imekombolewa!" Tusikilizeje habari za vita?



Tarehe 23 Desemba 2022, mbele ya maofisa na kamera, M23 walitangaza kwamba wanaondoka Kibumba na kukiachia kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki eneo hilo. Jeshi la Kongo lilijibu kwamba ni udanganyifu. Habari ilipofika Kanyaruchinya, walikokuwa wamekimbilia watu wengi wa Kibumba, ilikuwa imeshavaa nguo nyingine. Simu moja ilisema, "Kibumba imekombolewa, rudini!" Simu ya pili ilisema kwamba anayerudi ni msaliti.

Mama aliyeacha viazi shambani hakusaidiwa na simu hata moja. Yeye alitaka kujua nani yuko barabarani, na nani analala vilimani usiku. Hilo halikupigiwa kelele na mtu.

Katika kila habari tutafute mambo matatu: lililoonekana kwa macho, lililosemwa na mtu fulani, na lililoongezwa. Siku ile, sherehe ilionekana. "Tunaondoka" ilisemwa na M23, "udanganyifu" ilisemwa na jeshi. "Imekombolewa" na "msaliti" ziliongezwa njiani. Mara nyingi neno lililoongezwa ndilo linalotutia hasira au kutufanya tufunge mizigo.

Kwa nini waongeze? Mwandishi wa habari kwetu mara nyingi hana mshahara wa kutosha. Anategemea "coupage", yaani pesa anazopewa na aliyeitisha mkutano. Ni vigumu kumhoji aliyekulipia nauli. Na wenye vituo vya YouTube hupata pesa kufuatana na idadi ya watazamaji, basi kichwa cha habari lazima kitishe. Siwatetei, ila tujue duka linavyoendeshwa.

Wazee wa Kibumba hawahitaji kufundishwa mwisho wa njia hii. Mwaka 1994 waliona kambi kubwa ya wakimbizi wa Rwanda ikijaa kwao. Kule Rwanda, redio RTLM ilianza mwaka 1993 kwa muziki na mizaha iliyopendwa na vijana, halafu ikafika kutaja majina ya watu wa kuuawa. Mwaka 2003 mahakama ya Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili. Na hapa Goma, Novemba 2023, kundi la watu lilimuua mwanajeshi wa Kongo kwa kushuku sura na kabila lake. Alikuwa askari wa jeshi lao wenyewe.

Kwa kiongozi, kazi ni ngumu zaidi. Akisema "tungoje tuhakikishe", ataulizwa yuko upande gani. Asijibu peke yake. Aite mama mmoja, kijana mmoja na mzee mmoja, wasiwe wa kabila moja, waisikilize habari pamoja, wamtafute mtu aliyetoka huko siku hiyo, kisha watangaze pamoja walichopata, hata kama ni kidogo.

Kwa mazungumzo katika kikundi: Habari gani ya mwisho iliwafanya mhame au mrudi? Nani aliyeiona kwa macho? Na ulipoituma kwa wengine, wewe mwenyewe uliongeza neno gani?