Mafunzo Matano Niliyopata kwa Kehinde Wiley

Kazi yangu ni kuchora sura za watu kwa rangi za mafuta: maharusi, wazee wa ukoo, wachungaji wanaostaafu. Aliyenifunza zaidi ni mtu nisiyewahi kukutana naye: Kehinde Wiley, mchoraji Mmarekani mweusi aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1977.

1. Ukuu huchorwa. Napoleon alivuka milima ya Alps mwaka 1800 juu ya nyumbu. Jacques-Louis David akamchora juu ya farasi mweupe aliyeinua miguu ya mbele. Mwaka 2005 Wiley alimpandisha kijana mweusi farasi kama huyo, na nguo zake za kombati na buti. David aliandika maweni majina ya Bonaparte, Hannibal na Charlemagne. Wiley akaongeza Williams, jina la ukoo la watu wa kawaida. Siku hizi simwambii mteja kwamba hana sura ya kuchorwa.

2. Mwache mtu achague pozi. Wiley aliwaalika vijana wa barabarani Harlem wapekue vitabu vya sanaa na kuchagua wenyewe. Nami huweka kitabu mezani. Muuza samaki mmoja alichagua kukaa kimalkia, kidevu juu, kiganja kimetulia gotini. Wanawe walipoiona picha, waliamkia kwanza ndipo wakacheka.

3. Mandhari nayo husema. Katika picha ya Barack Obama iliyozinduliwa Washington mwaka 2018, Wiley aliweka yasmini kwa ajili ya Hawaii alikozaliwa, krisanthemum kwa ajili ya Chicago, na yungiyungi la buluu kwa ajili ya Kenya ya baba yake. Kabla ya kuchora, mimi huuliza kitovu cha mteja kimezikwa wapi.

4. Ukubwa ni heshima. Picha ile ya farasi ina karibu mita 2.7 kila upande, hivyo huna budi kuinua macho. Mteja asiyemudu turubai kubwa, mimi humchora nikiwa nimekaa kwenye kigoda, nimtazame kutoka chini.

5. Kuiga ni mwanzo tu. Mwaka 2019 Wiley alichonga sanamu ya mpanda farasi mwenye rasta, akifuata ile ya Jenerali Stuart, mtetezi wa majimbo ya utumwa, iliyokuwa Richmond. Ya Stuart iliondolewa mwaka 2020. Ya Wiley ingali imesimama mji huohuo. Vijana wa brashi, nakilini wakongwe bila aibu, kisha wekeni humo watu wenu.