Kioo cha Pikipiki Kilichokwaruzika na Matengenezo Yake

Pikipiki ni chombo chenye msaada mkubwa hapa Tukuyu. Nyingine zina kioo cha mbele cha kuzuia upepo na mvua. Kioo hiki si sawa na kile cha dirishani, bali ni plastiki angavu, na ndiyo sababu hukwaruzika upesi. Katika makala haya nataka kueleza asili ya mikwaruzo hiyo, madhara yake, na jinsi ya kuiondoa. Kazi hii niliifanya wakati wa likizo kwenye pikipiki ya mjomba wangu, dereva wa bodaboda.

Asili yake. Wengi hudhani kwamba kioo huharibiwa na barabara. Kumbe mara nyingi huharibiwa na kitambaa. Yapata miaka 4,000 iliyopita Mlima Rungwe ulilipuka na kutapakaza majivu na mawe mepesi yenye vitundu, kama lile tunalosugulia visigino. Chembe zake zimo katika udongo wetu, nazo ni ngumu kuliko plastiki. Basi afutaye vumbi kwa kitambaa kikavu hukisugua kioo kwa jiwe.

Madhara yake. Mwanga hupita vizuri katika kitu laini, lakini ukikuta mkwaruzo hutawanyika kila upande. Usiku, lori litokalo Kyela likimulika, kioo chote huwa cheupe, na dereva hamwoni mtu aendaye kando ya njia. Mjomba alikuwa akiinua kichwa juu ya kioo apate kuona, huku mvua ikimpiga machoni. Tena kioo kikilowa huonekana kizima, kwa kuwa maji hujaza mikwaruzo na hupinda mwanga kwa kadiri inayokaribia ile ya plastiki. Kwa hiyo kikague kikiwa kikavu.

Matengenezo yake. Mkwaruzo ni mahali palipotoka plastiki, wala hatuwezi kuirudisha. Tunachofanya ni kupunguza sehemu za kandokando mpaka zilingane na shimo. Fuata hatua hizi:

1. Mwagia kioo maji mengi, kisha kioshe kwa sabuni na kitambaa laini cha pamba.

2. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Usipokwama, nenda hatua ya nne. Ukikwama, tumia msasa wa maji.

3. Anza na msasa namba 800, kisha 1000, 1500 na 2000. Namba ikizidi, msasa huwa laini zaidi. Ulowanishe daima. Kila msasa usugue kwa kukingama na mistari ya msasa uliotangulia, mpaka mistari hiyo iishe. Sugua eneo pana, maana ukisugua mahali pamoja patabonyea, na vitu vitaonekana vimepinda. Kioo kitakuwa na ukungu, usiogope.

4. Kisugue kwa pamba na dawa ya kung'arishia rangi ya magari, au dawa nyeupe ya meno. Usikandamize, kwani joto hulainisha plastiki.

Tahadhari. Usitumie petroli, tina wala spiriti. Huweza kupasua plastiki. Vioo vingine ni vya polikaboneti, plastiki iliyovumbuliwa na Hermann Schnell wa Ujerumani mwaka 1953, na mara nyingi hupakwa utando mgumu. Msasa huondoa utando huo, basi muulize fundi kwanza. Kioo chenye ufa kibadilishwe.

Kioo cha mjomba hakikuwa kipya. Mistari miwili mirefu ilibaki, maana kuifuata hadi mwisho kungekifanya kioo kiwe chembamba mno. Lakini sasa huendesha usiku akitazama kupitia kioo, si juu yake.

Ndugu wasomaji, kila tengenezo hula unene wa kioo, na siku moja unene huo utakwisha. Afadhali tuwafundishe wenye pikipiki nyumbani kwetu kanuni hii: maji kwanza, kitambaa baadaye.

Mwanafunzi, Kidato cha IV