Mazoezi ya Mwili Wakati wa Baridi: Somo la Vikundi



Mwezi huu tunawaletea somo ambalo wengine watalicheka kabla ya kulisoma. "Mazoezi ni ya watu wa mjini," husema watu. "Sisi tunalima, tunakata majani ya ng'ombe, tunabeba kuni. Mazoezi gani tena?" Swali hilo ni la haki, na tutalijibu. Lakini kwanza fungueni daftari la kikundi, mhesabu pesa mlizochanga kwa sababu ya presha, sukari na kupooza. Utafiti wa afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 ana presha iliyopanda, na wengi wao walikuwa hawajui. Mchango wa hospitali ni kitu chema, lakini ni afadhali kumzuia mwenzetu asilazwe.

Je, kazi ya shamba haitoshi?

Kazi ya shamba ni mazoezi, tena mazuri. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba mtu mzima atumie nguvu za wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na siku 2 au zaidi afanye mazoezi ya kutia misuli nguvu. Mama anayelima na kwenda sokoni Karatina kwa miguu amekwisha timiza sehemu ya kwanza bila kujua.

Shida ni tatu. Kwanza, kazi zetu huinamisha mwili upande mmoja tu. Jembe linainamisha mgongo, na mzigo wa kuni wenye kamba ya kichwani unavuta shingo. Pili, si kila mtu analima siku hizi. Mwenye duka Othaya, fundi wa cherehani Kerugoya na dereva wa matatu Nanyuki hukaa kitako tangu asubuhi hadi jioni. Tatu, yako majira ya gathano, yaani Juni hadi Agosti. Chai hukua polepole kwa ajili ya baridi, kazi ya kuchuma hupungua, nasi tunakaa jikoni na kikombe cha chai yenye sukari nyingi. Miezi mitatu namna hiyo, magoti yanakaza na uzito unaongezeka.

Baridi inafanya nini mwilini?

Nyeri iko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Nanyuki iko juu zaidi, ingawa mstari wa ikweta unapita hapo. Mwezi wa Julai jua huchomoza mnamo saa 12 na nusu asubuhi, lakini ukungu na manyunyu huweza kukaa mpaka karibu adhuhuri.

Mwili ukipata baridi, mishipa ya damu ya ngozi hujibana ili joto lisitoke. Mishipa ikijibana, presha hupanda. Kwa hiyo mwenye presha asitoke alfajiri kukimbia kwenye ukungu. Hewa ya baridi pia huweza kumwamshia mwenye pumu kifua chake. Tena njia ya udongo mwekundu huteleza, na gizani gari halimwoni mtu. Basi tusishindane na hali ya hewa, tuizunguke.

Siku moja ya mazoezi

Katika miji yetu kuna vyumba vya mazoezi, yaani jimu, ambavyo mtu hulipia. Mwenye uwezo aende. Lakini kikundi chaweza kujitengenezea jimu yake katika ukumbi au banda lisilovuja. Vyombo mnavyo nyumbani: mtungi wa lita 5 ukijaa maji ni kilo 5, ukijaa mchanga mkavu ni karibu kilo 8. Ongezeni benchi imara na kamba ya kuruka.

Tuchukue mfano wa mama mwenye watoto watatu, ng'ombe mmoja na vichaka vya chai. Siku yake yaweza kupangwa hivi:

1. Asubuhi, uji ukichemka. Dakika 10 ndani ya nyumba: kuzungusha mabega, kuinua magoti papo hapo, kusimama kwa vidole vya miguu na kushuka. Mlango au dirisha liwe wazi. Kamwe tusifanye mazoezi katika chumba kilichofungwa chenye jiko la makaa, kwani hewa yake yenye sumu haina harufu na inaua.

2. Mchana, akienda kituo cha majani chai au dukani. Atembee kwa mwendo wa haraka. Kipimo ni hiki: uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba.

3. Saa 9 alasiri, kabla ya kukamua. Hii ndiyo saa yenye joto kidogo. Akutane na wenzake kwa dakika 40. Wakati wa baridi wasiruke dakika 10 za kupasha mwili joto, maana misuli ya baridi huumia upesi. Kisha wafanye haya, kila moja mara 10, wapumzike dakika moja, na warudie mpaka mizunguko 3:

– Kuketi kwenye benchi na kusimama bila kushika kitu. Hii ni kwa mapaja na magoti.
– Kusukuma ukuta kwa mikono miwili. Aliyezoea asukume benchi, halafu sakafu.
– Kuinama kidogo mgongo ukiwa umenyooka, na kuvuta mtungi mpaka ubavuni. Hii husaidia mgongo unaochoshwa na jembe.
– Kulala chali magoti yakiwa yamekunjwa, na kuinua kiuno.
– Mwisho wa kila mzunguko, kubeba mitungi miwili, mmoja kila mkono, hatua 40, kifua mbele.

Wamalize kwa kutembea pole pole dakika 5. Jasho likaukie ndani: wabadilishe nguo na kuvaa sweta kabla ya kutoka nje.

Siku 2 kwa wiki zatosha kuanza, mathalani Jumanne na Ijumaa. Wazee waongeze kusimama kwa mguu mmoja wakishika kiti, ili wasianguke ovyo.

Nani atabaki na watoto?

Hapa ndipo mpango mwingi huvunjika. Mama akitoka saa 9, nani atakata majani ya ng'ombe? Tusidanganyane, dakika 40 hazitoki mbinguni. Baba au kijana mkubwa achukue kazi moja siku hizo mbili, na mama naye amwachie baba nafasi siku nyingine. Watoto waje pia. Mtoto anahitaji dakika 60 za kucheza kwa nguvu kila siku, na kamba moja yawatosha watoto wengi kwa zamu.

Wengine husema ni aibu mama kuonekana akiruka. Tumkumbuke Catherine Ndereba, aliyezaliwa Nyeri mwaka 1972. Alikuwa tayari ni mama aliposhinda mbio za Boston mara 4, miaka ya 2000, 2001, 2004 na 2005. Mwaka 2001 huko Chicago alivunja rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47. Hakuna aliyemwona kuwa aibu ya kijiji.

Tahadhari

Kila mmoja apimwe presha katika dispensari kabla ya kuanza. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, aonwe na daktari. Ikifika 180 kwa 110, asiinue kitu kizito mpaka atibiwe. Mazoezi hushusha presha kidogo, lakini si badala ya dawa. Tusiache vidonge ati kwa sababu tunajisikia vizuri.

Kifua kikiuma au kizunguzungu kikija, acha mara moja na utafute msaada. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukikosa nguvu, au maneno yakikwama, mpelekeni mgonjwa hospitalini saa hiyo hiyo. Msingoje asubuhi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Ni wangapi kati yetu wamepimwa presha mwaka huu?
2. Katika kazi zetu za kila siku, ni sehemu gani za mwili zinazochoka, na zipi hazifanyi kazi?
3. Ni banda au ukumbi gani tunaoweza kuutumia, na nani atashika ufunguo?
4. Nyumbani kwako, nani atachukua kazi gani ili mwenzake apate dakika 40?

Kazi ya mwezi: chagueni siku mbili, mjaze mitungi, na katibu aandike mahudhurio kama anavyoandika akiba. Baada ya wiki 8 pimeni presha tena, mlinganishe na ile ya kwanza.