Je, Mungu Aliumba Aina Nyingi za Watu?

Mkatekumeni aliyesoma shule huenda akauliza: ikiwa wenye elimu wamewagawa wanadamu katika mbari, nyeupe, nyeusi na ya manjano, yawezekanaje Kanisa kufundisha ya kwamba wote ni wana wa baba mmoja? Swali hili lastahili jibu, wala katekista asilinyamazishe.

Yafaa kwanza kutazama jinsi migawanyo hiyo ilivyotungwa. Mwaka 1735 tabibu wa Uswidi, Carl Linnaeus, alitoa kitabu cha kupanga viumbe vyote, na wanadamu akawaweka mafungu manne. Katika chapa ya 1758 akaongeza tabia: Mzungu huongozwa na sheria, Mwafrika ni mvivu. Linnaeus hakukanyaga Afrika hata siku moja. Rangi ya ngozi yaonekana kwa macho. Lakini uvivu wa bara zima aliupimaje?

Baada yake Johann Blumenbach wa Ujerumani alilinganisha mafuvu ya vichwa, akapata mafungu matano. Huyu alikuwa mwangalifu zaidi, maana alikiri ya kwamba wanadamu ni aina moja, na sura zao hubadilika kidogo kidogo. Ndivyo ilivyo. Mtu akiufuata mto Nili toka Uganda hata Misri, hatakuta kijiji ambapo mbari moja yakoma na nyingine yaanza.

Mwaka 1972 Richard Lewontin, mtaalamu wa Marekani, alichunguza tofauti zilizomo katika damu za watu. Katika kila sehemu mia za tofauti hizo, kama 85 zilikuwa baina ya watu wa jamii moja, na kama 6 tu baina ya zile ziitwazo mbari. Elimu hiyo haithibitishi habari za Adamu, kwani si kazi yake. Lakini haimpi mtu ruhusa ya kudai kwamba damu yake ni ya namna nyingine.

Neno likiisha kuandikwa, laweza kuua. Huko Rwanda watu walisema lugha moja na kukaa milima ile ile. Wataalamu walipima pua zao. Na katika miaka ya 1930 serikali ya Kibelgiji iliandika katika kitambulisho cha kila mtu: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mapadri kadhaa nao, jambo lisilofaa kufichwa, walifundisha ya kwamba Watutsi ni mbari nyingine iliyozaliwa kutawala. Mwaka 1994 kitambulisho hicho kilidaiwa kwenye vizuizi vya barabara, na Wakristo wakawaua Wakristo wenzao kwa sababu ya neno moja lililoandikwa humo. Vitambulisho vya siku hizi havina tena neno hilo.