Dondoo muhimu: Kupima unene wa kano kwa ultrasaundi

Mkata miwa wa Kidatu au mkulima wa mpunga akifika Ifakara analalamikia maumivu nyuma ya kisigino, usiridhike na kipimo kimoja. Kano ya kisigino yenye afya huwa na unene wa milimita 4 hadi 6 hivi. Ukikosea nusu milimita tu, majibu yanaweza kubadilika.

Mlaze kifudifudi, miguu itokeze nje ya kitanda, kifundo kikunjwe nyuzi 90. Jeli iwe nyingi, usikandamize. Kifaa kikiinama kidogo, kano nzima huonekana nyeusi kana kwamba imeharibika. Pima mara 3, chukua wastani, kisha pima mguu wa pili.

Andika ulipima sentimita ngapi juu ya mfupa wa kisigino. Akirudi, apimwe mahali palepale, ikiwezekana na mtaalamu yuleyule.