Dondoo muhimu: Kupanga viwanja Muscat

Kabla hujashika rula, panda kilimani uangalie wadi, yaani bonde la maji ya mvua, inapopita. Bonde linaweza kukaa kavu miaka, watu wakalisahau. Juni 2007 kimbunga Gonu kilipoleta mvua, maji yalishuka kwa kishindo na mitaa ya Qurum ikafurika. Tembea kingoni, utafute takataka na majani makavu yaliyonasa kwenye matawi ya migunga: maji yalifika hapo. Nyumba zote zikae juu ya alama hiyo, na si kwa shubiri moja. Bondeni waachie watoto uwanja wa mpira, na mbuzi.

Kiwanja cha makazi kilichozoeleka ni mita za mraba 600, tuseme 20 kwa 30. Upande mfupi utazame barabara, lami na mabomba ya kila nyumba yapungue.

Barabara za mtaa zikienda mashariki–magharibi, nyumba zitatazama kaskazini na kusini, zisichomwe sana na jua la alasiri. Vichochoro vya waendao kwa miguu viende kaskazini–kusini: ukuta mmoja utatoa kivuli asubuhi, wa pili jioni. Aliyekulia Mji Mkongwe, Zanzibar, haelezwi faida ya kichochoro chembamba.

Halafu magari. Ijumaa mchana yanaegeshwa mpaka mlangoni kwa jirani wa msikiti, naye anabaki kupiga honi atoke. Tenga maegesho ya msikiti kwanza, ndipo ukate viwanja vinavyouzunguka.